Diklofenaki si peremende, na mlonge si ngao yake

Watu wangu wa Watamu, hili nalisema hata mkinitukana. Hapa kwetu ukitaja tu "mgongo", unafungiwa vidonge vya diklofenaki na kuambiwa bei. Hakuna anayeuliza kama una presha. Mvuvi anameza, wa boda anameza, nyanya naye anameza kila siku.

Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilisema wazi: mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi, asiitumie. 2015 Uingereza ikakataza vidonge hivyo kuuzwa bila karatasi ya daktari. Kwa nini? Dawa hii inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili ambazo pia hutanua mishipa ya damu na kusaidia figo kutoa chumvi. Ukizizuia, presha inaweza kupanda na damu kuganda upesi.

Halafu kuna hawa wa video: "Meza tu, kisha kunywa unga wa mlonge, antioksidanti zitalinda moyo." Ati nini? Majaribio wanayoyashikilia mengi ni ya panya wa maabara. Panya havuti nyavu. Mlonge ni mboga nzuri, upike na nazi ule ushibe. Lakini haukupi ruhusa ya kumeza diklofenaki ovyo.

Pima presha kwanza. Uliza kama panadoli inatosha. Na wewe muuzaji, kuuliza "Una ugonjwa wa moyo?" kunakugharimu nini?