Tuwasikilize Waliofukuzwa Hanang Wangali Vijana

Ndugu zangu wa Tlawi, Mbulu na Hanang,

Ngano ilivyotanda Basotu, wilayani Hanang, ni rahisi kusahau kwamba ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, mojawapo ya makundi ya Wadatooga. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipanua mashamba yake hadi ekari 100,000 hivi. Vijana waliopitisha ng'ombe humo walikamatwa, wakapigwa, wakatozwa faini. Maboma yalichomwa moto. Trekta zililima hata juu ya bung'eda, yale makaburi ya wazee ambayo ukoo huyajenga kwa udongo kwa miezi kadhaa. Kaburi likishalimwa, mjukuu hana tena pa kwenda kusema na babu yake.

Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo; sababu mojawapo, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kisheria. Kijana aambiwe hivyo, na babu yake kazikwa palepale!

Wengi walihama na mifugo, wakafika hadi Morogoro na Mbeya. Umbali peke yake haumponyi mtu. Aliyehama hupona akipata jirani wa kumkaribisha, maji ya kunyweshea ng'ombe, na mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Vijana wenye simu: mjomba au shangazi akija kutoka huko alikohamia, mrekodini kwa ridhaa yake, kwa Kidatooga chake. Asichotaka kukisema, msimlazimishe.

Serikali za vijiji: kaeni na wazee wa koo, mzitambue bung'eda zilizobaki na kuziwekea mipaka kabla trekta hazijaingia shambani.

Nasi Wairaqw: babu zetu waligombania ng'ombe na ardhi na Wadatooga, lakini ugomvi ule si urithi wa kuwaachia watoto. Anayerudi kutazama makaburi ya kwao tumpe kiti na chakula, na tuache kumwita Mang'ati kwa dharau.

Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Usingoje mkutano wa kijiji wala barua ya wilaya. Wiki hii nenda kwa mzee mmoja, ukae, umsikilize.