Kusoma Si Kukariri

Katika misitu ya Maniema wamo kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu. Kasuku husikia maneno ya watu na kuyasema tena vizuri. Mara nyingi maana yake haijui.

Katika shule za Kindu wamo pia watoto wa namna hiyo. Mtoto husimama, akasema ukurasa wa 10 wote bila kosa. Mwalimu akifungua ukurasa wa 20, ananyamaza. Huyo hakusoma, amekariri tu.

Hasara yake ni nini? Siku moja mama anaugua. Hospitali inampa dawa yenye maandishi: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Maneno hayo hayakukaririwa darasani. Nani atamsomea?

Basi kila jioni, kabla ya giza, mtoto asome ukurasa mpya kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani. Kitabu kikiwa kimoja, ndugu wasome kwa zamu. Nyanya asiyejua herufi aulize: “Kisha ikawaje?” Mtoto akijibu kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa. Tena kesho atataka kujua yanayofuata. Hapo ndipo kupenda vitabu kunapoanza.

Haba na haba hujaza kibaba.