Vyuo Vikuu vya Kanada na Uhaba wa Wahadhiri wa Jamii za Asili

Kwa miaka kadhaa sasa, matangazo ya kazi ya vitivo vya elimu katika vyuo vikuu vya Kanada yamekuwa yakibeba sharti ambalo kwa msomaji wa mbali laweza kuonekana geni. Mwombaji wa nafasi ya kufundisha elimu ya Watu wa Asili anatakiwa awe yeye mwenyewe ni wa Mataifa ya Kwanza, Métis au Inuit, makundi matatu ambayo Katiba ya nchi hiyo inayatambua kuwa wenyeji wa asili wa ardhi ya Kanada.

Sharti hilo lina msingi wa kisheria. Mkataba wa Haki na Uhuru, ulio sehemu ya Katiba ya mwaka 1982, unakataza ubaguzi lakini katika kifungu cha 15(2) unaruhusu mipango yenye lengo la kuboresha hali ya makundi yaliyoachwa nyuma. Kwa hiyo swali linalozikabili taasisi hizo si kama zinaruhusiwa kuwatafuta wanazuoni hao. Swali ni kwamba watapatikana wapi, na wakipatikana watakaa.

Ili kuelewa uzito wa jambo lenyewe, ni vyema kukumbuka kwamba elimu, kwa jamii hizo, haikuja kwanza kama huduma. Kwa zaidi ya karne moja Serikali ya Kanada na makanisa ziliendesha shule za bweni ambamo watoto wapatao 150,000 walipelekwa, wengi wao kwa kutenganishwa na wazazi kwa nguvu, wakakatazwa kusema lugha zao. Shule ya mwisho iliyokuwa chini ya Serikali Kuu ilifungwa katika miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoongozwa na Jaji Murray Sinclair, ambaye naye alikuwa wa jamii ya Anishinaabe, ilithibitisha kuwa zaidi ya watoto 3,000 walifia katika mfumo huo.

Chuo kikuu nacho hakikuwa mahali salama. Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876, ilipotungwa, ilielekeza kwamba Mhindi atakayetunukiwa shahada ya chuo kikuu ahesabiwe kuwa amejitoa katika hadhi yake ya kisheria kama Mhindi. Miaka michache baadaye sharti hilo lililegezwa likawa la hiari, lakini ujumbe wake ulikwisha kufika vijijini: aliyesoma sana anaondoka katika watu wake. Familia zilizorithi kumbukumbu hiyo ndizo zinazotarajiwa leo kutoa madaktari wa falsafa.

Mwaka 2015 Tume ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mwito wa 62 unataka historia ya shule za bweni na mikataba ifundishwe kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho, na vyuo vipewe fedha za kuwaandaa walimu watakaoingiza maarifa na mbinu za ufundishaji za Watu wa Asili darasani. Mwito wa 16 unavitaka vyuo vianzishe shahada na stashahada za lugha za asili. Utekelezaji ulianza kwa kasi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Lakehead na Chuo Kikuu cha Winnipeg vilianza kuwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wasome angalau somo moja lenye maudhui ya Watu wa Asili. Katika jimbo la British Columbia, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, mwanafunzi wa sekondari hahitimu bila kukamilisha masomo yenye maudhui hayo.

Kila agizo la namna hiyo linahitaji mwalimu, na mwalimu huyo lazima awe amefundishwa na mtu fulani. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, Watu wa Asili ni takribani milioni 1.8, sawa na asilimia 5 ya watu wote wa Kanada, na ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo yenye shahada ya uzamivu. Vyuo vinapotangaza nafasi kwa wakati mmoja, kinachotokea mara nyingi ni mhadhiri kuhama kutoka mji mmoja kwenda mwingine kwa mshahara bora. Chuo kilichompata kinatoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kilichompoteza kinatangaza nafasi upya. Nchi haijaongeza mhadhiri hata mmoja.

Ipo mifano ya njia nyingine, tena ya zamani. Mwaka 1972 viongozi wa Mataifa ya Kwanza walitoa waraka wa kudai elimu ya watoto wao iwe mikononi mwao, na mwaka uliofuata Serikali Kuu ikaukubali kimsingi. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha British Columbia kilianzisha programu ya kuwaandaa walimu wa jamii za asili, ijulikanayo kwa kifupi kama NITEP, ambayo sehemu ya mafunzo yake hutolewa katika vituo vilivyo karibu na jamii zenyewe badala ya kumtaka kila mwanafunzi ahamie Vancouver tangu siku ya kwanza. Verna Kirkness, mwalimu wa jamii ya Cree aliyeiongoza programu hiyo katika miaka ya 1980, aliandika na Ray Barnhardt mwaka 1991 makala ambayo bado inarejewa sana. Hoja yao ni kwamba vyuo vimezoea kuuliza kwa nini mwanafunzi wa asili anashindwa kuzoea chuo, ilhali swali lingepaswa kugeuzwa na chuo kiulizwe kinampa heshima gani na kinamfundisha jambo gani lenye manufaa kwa watu wake.

New Zealand ilikwenda mbali zaidi. Profesa Graham Hingangaroa Smith na wenzake walijiwekea lengo la kupata Wamaori 500 wenye shahada ya uzamivu au walio njiani kuipata ndani ya miaka mitano, na wakajenga mtandao wa wanafunzi na wasimamizi waliokutana mara kwa mara ili asiwepo anayesoma peke yake. Mpango wa SAGE ulioanzishwa British Columbia mwaka 2005 ulichukua mfano huo. Miradi ya aina hii haivutii kamera, kwa kuwa matunda yake huonekana baada ya miaka minane au kumi, lakini ndiyo inayoongeza idadi ya waombaji.

Baada ya idadi huja suala la sifa. Kamati za ajira zimezoea kupima shahada, machapisho na ruzuku za utafiti. Mzee anayeijua lugha yake kwa undani, anayeweza kueleza kwa nini hadithi fulani husimuliwa majira ya baridi tu, hana cheti cha kuambatanisha kwenye maombi. Sensa hiyo ya 2021 iliwapata watu 237,420 wanaoweza kuzungumza lugha ya asili, katika lugha zaidi ya 70; baadhi ya lugha hizo zimebaki na wazungumzaji wachache mno, wengi wao wakiwa wazee. Kuwasubiri wapate uzamivu ni kusubiri hadi lugha iondoke nao. Vyuo vingi hujibu kwa kuwaalika wazee kama wageni wa siku moja, wakalipwa posho na kushukuriwa. Ni hatua, lakini mgeni wa siku moja hapigi kura katika seneti.

Hata mwenye uzamivu hukuta mizigo ambayo tangazo halikuitaja. Yeye hufundisha darasa kubwa la lazima ambalo sehemu ya wanafunzi wamelazimika kuingia, huwashauri wanafunzi wote wa asili chuoni, huketi katika kila kamati inayohitaji uwakilishi, na hutarajiwa kudumisha uhusiano na jamii yake iliyo umbali wa saa nyingi kwa gari. Ikifika miaka sita na faili lake la kuthibitishwa kufunguliwa, kinachohesabiwa zaidi ni machapisho.

Suala lililotikisa vyuo hivyo zaidi, hata hivyo, ni la utambulisho. Kwa muda mrefu mwombaji alijitambulisha mwenyewe kwa kuweka alama kwenye kisanduku, na hakuna aliyemhoji. Kuanzia mwaka 2021 uchunguzi wa vyombo vya habari uliibua mashaka makubwa kuhusu asili ya watu kadhaa waliokuwa na nyadhifa za juu. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipitisha sera inayotaka uthibitisho wa uraia au uanachama wa mtu katika jamii ya asili, iliyoandaliwa kwa kuongozwa na Watu wa Asili wenyewe. Uamuzi huo ni sahihi, kwani nafasi iliyotwaliwa kwa udanganyifu ni nafasi aliyonyimwa mwingine. Lakini nyaraka nazo zina historia yake. Hadi mwaka 1985 mwanamke wa Mataifa ya Kwanza aliyeolewa na mwanamume asiye na hadhi ya Mhindi alipoteza hadhi yake kisheria. Maelfu ya watoto walichukuliwa na kulelewa na familia za nje, hasa miaka ya 1960. Mjukuu wa mama huyo, au mtoto huyo aliyekua akiwa mbali na kwao, anaweza kukosa karatasi kwa kosa la Serikali iliyomnyang'anya. Sera isiyompa mlango wa kueleza hayo, na kusikilizwa na jamii anayodai kutoka kwake, itarudia dhuluma ileile kwa mhuri mpya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu ya simulizi hii inafahamika. Chuo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 nacho kilianza kwa kutegemea wahadhiri wa kigeni, na kikajaza nafasi zao hatua kwa hatua kwa kuwabakiza wahitimu bora na kuwapeleka masomoni. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wawili walihoji Nairobi kwa nini fasihi ya Kiingereza iwe kitovu cha masomo ya Mwafrika; Linda Tuhiwai Smith, mwanazuoni wa Kimaori ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 kinasomwa sana na watafiti wa jamii za asili, aliyatumia mawazo ya Ngũgĩ. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam na Nairobi wazawa walikuwa wengi na walishika dola. Nchini Kanada mhadhiri wa jamii ya asili anaingia katika taasisi ambayo bajeti, kanuni za upandishaji vyeo na kalenda yake vitaendelea kuamuliwa na wengine.

Programu ya kitaifa ya nafasi za utafiti, inayogharimiwa na Serikali Kuu, imejiwekea lengo la asilimia 4.9 ya nafasi hizo kushikwa na Watu wa Asili ifikapo mwaka 2029. Wakati huohuo, mashariki mwa jimbo la Alberta, liko jengo la iliyokuwa shule ya bweni ya Blue Quills. Mwaka 1970 wazazi wa Mataifa ya Kwanza waligoma na kukaa ndani yake hadi Serikali ikakubali kuwakabidhi. Tangu mwaka 2015 taasisi hiyo inajiita chuo kikuu, inamilikiwa na mataifa saba ya Wacree na Wadene, na lugha zilizokatazwa katika jengo hilo sasa zinafundishwa humo.