Dawa iliyotangazwa Marekani na mtoto asiyesema: tumjibu nini mzazi?



Miezi michache iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alitungoja mlangoni. Mtoto wake ana miaka sita na bado hajasema neno. Dada yake, mkimbizi aliyehamishiwa Marekani, alikuwa amemtumia ujumbe kwa WhatsApp: dawa ya otisimu imepatikana, raisi mwenyewe ameitangaza. Mama alikuwa na shamba moja alilobakiwa nalo baada ya kukimbia vita. Alituuliza jambo moja tu: «Mchungaji, niliuze?»

Siku ile hatukumjibu. Tuliomba pamoja naye, kisha tukaenda kusoma na kuuliza waganga wa hospitali. Tunaandika kwa sababu wazazi wengine katika makanisa yetu wanabeba swali hilohilo.

Kilichotangazwa ni nini?

Tarehe 22 Septemba 2025, Raisi Donald Trump na waziri wake wa afya, Robert F. Kennedy Jr., waliitaja dawa iitwayo leucovorin kama tumaini kwa watoto wenye usonji, ndio otisimu. Dawa hiyo si mpya. Ni aina ya folati, yaani vitamini B9, na kwa miaka mingi imepewa wagonjwa wa kansa ili kuwakinga na ukali wa dawa nyingine, methotrexate. Siku hiyo idara ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema imeanza kazi ya kuiidhinisha kwa upungufu wa folati katika ubongo. Hiyo ni hali ya watoto wachache, na huweza kuleta dalili zinazofanana na za usonji.

Habari iligeuka njiani. Ilitoka kwao ikihusu watoto wachache wenye upungufu fulani, ikafika kwetu kama dawa ya kila mtoto asiyesema. Majaribio kwa watoto wenye usonji yapo, lakini ni madogo. Moja linalotajwa sana lilikuwa na watoto 48. Baadhi yao walionekana kuongeza maneno, nasi hatulidharau jambo hilo. Lakini watoto 48 hawatoshi kumwambia mzazi wa Uvira au Beni auze shamba.

Siku ileile wanawake wenye mimba walionywa juu ya parasetamoli. Baada ya siku mbili Shirika la Afya Duniani (OMS) lilijibu kwamba hakuna uthibitisho kamili kuwa inaleta usonji. Mama mwenye mimba na homa ya malaria aende kituo cha afya, asikae nyumbani na homa kwa sababu ya hofu.

Kutumia dawa nje ya kibali chake

Dawa ikiidhinishwa kwa ugonjwa mmoja, daktari anaweza kuitumia kwa ugonjwa mwingine akiona sababu. Si kosa, na kwa watoto hufanyika mara nyingi. Lakini inadai daktari anayemjua mtoto, anayepima uzito wake na anayemfuatilia. Dawa iliyonunuliwa farmasi bila karatasi ya daktari, kwa kipimo kilichotoka kwenye simu, haina ulinzi huo.

Tazameni mfano mmoja. Watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, na kwetu dawa ya kifafa inayopatikana zaidi ni fenobarbitali. Leucovorin kwa wingi inaweza kupunguza nguvu ya fenobarbitali, na kifafa kikarudi. Dada aliye Marekani hawezi kulijua hilo.

Tena tumeyaona haya zamani. Mwaka 1998, huko Marekani, watoto watatu wenye usonji walionekana kupata nafuu baada ya kupewa homoni iitwayo sekretini, iliyotumiwa kupima tumbo. Wazazi wengi waliitafuta kwa gharama kubwa. Mwaka 1999 jaribio la watoto 60 lilionyesha kwamba waliochomwa maji ya chumvi tu walipata nafuu sawasawa na wale wa homoni. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Anayempenda mtoto huona hata badiliko dogo, na mtoto hukua hata bila dawa.

Nyumba ya Mungu isiwe soko

Lipo jambo baya zaidi, nalo lilivaa vazi la kanisa. Huko Florida, kundi lililojiita kanisa liliuza dawa ya kuchubua nguo kama sakramenti ya kuponya usonji, malaria na mengine. Mwaka 2023 baba na wanawe watatu walihukumiwa kifungo. Dawa hiyo ilifika hata Uganda, jirani zetu. Mtu akiileta kwenu kwa jina la Yesu, mkataeni.

Sisi wenyewe pia tuungame. Katika makanisa yetu watoto kama hawa wameitwa wachawi, wamefungishwa chakula, wamepigwa. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza hayo, lakini Bwana alikuwa amekwisha kuyakataza. Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta nani alitenda dhambi, naye hakuwapa wa kulaumu.

Tufanye nini?

Kwanza, mtoto asiyesema apimwe masikio, na aulizwe juu ya kifafa, maana hivyo vina msaada unaojulikana. Pili, aonwe na wanaojua: Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Tunajua safari ni ngumu tangu vita ya 2025; kwa hiyo kanisa lichange nauli. Tatu, daktari akipendekeza dawa nje ya kibali chake, mzazi aulize: Inalenga dalili gani? Ina hatari gani pamoja na dawa anazokunywa? Tutajuaje kwamba inasaidia, na tutaiacha lini isiposaidia? Daktari mwema hakasiriki kwa maswali hayo.

Marko 5 inatuambia juu ya mwanamke aliyetumia mali yake yote kwa waganga, hali yake ikazidi kuwa mbaya. Bwana hakumkemea kwa kutafuta. Nasi tusimkemee mzazi anayetafuta. Tutembee naye ili asimalize vyote peke yake.

Mama yule tulimwambia asiuze shamba. Haikuwa rahisi kusema, maana tulikuwa tunamwondolea tumaini alilolishika mkononi. Alilia, kisha akakubali twende naye hospitalini. Mtoto bado hasemi. Jumapili hukaa karibu na ngoma, na watoto wa shule ya Jumapili wamejifunza kumwachia nafasi yake.