Chuma dhaifu hakiwezi risasi ya vita

Katika vijiji vingi vya mashariki mwa Kongo, mwindaji ambaye bunduki yake imekosa risasi hupewa shauri moja: aende kwa fundi chuma, ageuziwe bunduki ikubali risasi nyingine. Anayetoa shauri hilo mara nyingi anataka kumsaidia ndugu yake. Hata hivyo ni shauri baya. Sasa ambapo familia nyingi za wahami zinarudi vijijini zikiwa na njaa, na nguruwe wa porini wanangojea mihogo, linafaa kusemwa wazi mapema, kabla mtu hajapoteza jicho au vidole.

Anayelitetea huwa na mfano wake. Husema kwamba hata Wazungu hugeuza bunduki, na kweli hugeuza. Marekani kuna wawindaji wanaochukua bunduki ya risasi moja, ile inayofunguliwa nyuma, inatiwa risasi, inafungwa na kupiga mara moja tu, wakaigeuza ipige risasi ya zamani. Risasi moja inayopendwa sana kwa kazi hiyo ni ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, inayoitwa .45-70. Ni nene, inakwenda polepole, na ilitengenezwa wakati baruti ilikuwa bado ile nyeusi yenye moshi mwingi.

Lakini mfano huo unaonyesha kinyume cha kile wanachotaka. Baruti nyeusi husukuma kwa nguvu ndogo. Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, husukuma kwa nguvu kubwa zaidi, na ndiyo iliyozaa risasi za vita za leo. Kwa hiyo Mmarekani anayegeuza bunduki ya kiwanda cha leo ipige risasi ya 1873 anachukua chuma kigumu na kukipa mzigo mwepesi. Huku kwetu kazi inakwenda upande mwingine. Pupu iliyotengenezwa kijijini, ambayo mtutu wake pengine ulikuwa bomba la maji, inapewa risasi ya Kalashnikov. Chuma dhaifu kinabebeshwa mzigo mzito. Kwa jina kazi zote mbili ni kugeuza bunduki, lakini ya kwanza inapunguza hatari na ya pili inaiita.

Tofauti hiyo ina hesabu. Tairi ya gari ndogo hupulizwa kwa bar 2 na kitu. Risasi ya kawaida ya kalibre 12, ile ya bunduki ya kuwindia, inaruhusiwa kufikisha bar 740 ndani ya mtutu. Risasi ya Kalashnikov, ya milimita 7.62 kwa 39, inaruhusiwa bar 3,550, yaani karibu mara tano ya ile ya kalibre 12. Nguvu hiyo yote inatoka mara moja, umbali wa kiganja kutoka kwenye uso wa mpigaji. Mtutu ukishindwa kuizuia, hautoi onyo. Pengine utavumilia mara ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, huku ukipasuka ndani polepole mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana neno la fundi kwamba «nimeijaribu, imepiga vizuri» halina uzito.

Tena namba 7.62 peke yake inadanganya. Risasi ya Kalashnikov ni 7.62 kwa 39. Ile ya FAL, bunduki ya Ubelgiji iliyotumiwa na jeshi tangu zamani za Zaïre, ni 7.62 kwa 51. Ile ya bunduki ya mkanda, PKM, ni 7.62 kwa 54. Unene wa jina ni mmoja, lakini maganda hayalingani kwa urefu, kwa umbo wala kwa nguvu. Ganda likilala mahali ambapo halikupimiwa, linaweza kupasuka, na moto unarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mwindaji anayeokota risasi njiani baada ya mapigano na kuona kwamba «inaingia» bado hajajua kitu.

Wale wanaotaja Wazungu husahau jambo jingine. Kule fundi hamalizi kazi kwa kumkabidhi mwenye bunduki. Liège, Ubelgiji, mji ambao bunduki zake nyingi zilifika Kongo tangu wakati wa ukoloni, kuna nyumba ya kujaribia silaha, na kazi hiyo ilianza kwa amri ya mwaka 1672. Bunduki inapigwa pale kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, bila mtu kuishika usoni. Ikivumilia, inagongwa alama. Ikigeuzwa ili ipige risasi nyingine, inarudishwa kujaribiwa upya. Alama hizo ndogo kwenye mtutu zina maana kwamba kuna mtu mwingine, asiye muuzaji wala mnunuzi, aliyethibitisha. Kijijini kwetu nyumba hiyo haipo, na anayefanya jaribio ni baba wa watoto, akiwa ameweka shavu lake juu ya kitako cha bunduki.

Ni kweli mwindaji ana sababu zake. Risasi za kalibre 12 ni ghali na hazipatikani kila mahali. Nyani na nguruwe hawangojei amani irudi ndipo wale mahindi. Kumwambia mwenye njaa «acha» bila kumwonyesha njia nyingine ni maneno ya mtu aliyeshiba. Lakini tuulize hizo risasi za vita zinatoka wapi. Haziuzwi dukani. Zinatoka kwa mwenye kubeba silaha, awe na sare au hana. Siku mwindaji anapogeuza bunduki yake ili ile risasi hizo, anajifunga kwa mtu huyo. Leo atazilipa kwa nyama, kesho ataombwa kubeba mzigo, na kesho kutwa ataombwa habari za jirani. Na akikamatwa barabarani na risasi mbili za Kalashnikov mfukoni, nani ataamini kwamba alikuwa anafuata nguruwe?

Sheria nayo iko. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasimamia silaha na risasi, na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inasimamia uwindaji. Mkataba wa Afrika ya Kati uliopitishwa hapa hapa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 unataja katika jina lake hata vipande vinavyotumika kutengeneza na kurekebisha silaha. Lakini mafundi chuma wakisikia sheria siku ya kukamatwa tu, watahamishia kazi yao msituni, na huko hakuna atakayewaona. Inafaa serikali iwajue kwa majina, iandikishe pupu zilizopo, na ikubaliane nao kwanza juu ya jambo moja lisilo na mjadala: hakuna bunduki ya kijijini itakayogeuzwa kupiga risasi ya vita. Mafundi wenyewe wanaweza kulishika hilo, kwa sababu wao ndio wanaojua chuma chao kilitoka wapi.

Na pale ambapo watu wamechoka na bunduki, wapewe kitu cha maana badala yake. Katanga, miaka ya 2000, shirika la PAREC lilikuwa linampa baiskeli mtu anayerudisha silaha. Baiskeli hubeba gunia la mihogo mpaka sokoni na kumpeleka mama mjamzito kituo cha afya, na haimlipukii mwenyewe usoni. Kwa ulinzi wa shamba, zamu za usiku za majirani, mbwa, ngoma na mitego iliyokubaliwa na mwami zinachosha, ni kweli, lakini mtu anazirudia kesho akiwa na mikono miwili.

Kwa familia zinazorudi kutoka kambini, kazi ya kwanza ni ndogo zaidi. Watoto wakatazwe kuokota risasi na maganda, hata kama kuna mtu anayewalipa. Risasi ikionekana shambani, isiguswe; mahali pawekewe alama kwa mbali, na chefu wa kijiji aambiwe. Na baba akisema kwamba anaipeleka bunduki kwa fundi «ikubali risasi nyingine», mama ana haki ya kuuliza maswali mawili mbele ya wazee: chuma hiki kilipimwa na nani, na risasi hizo utazipata kwa nani? Yakikosa jibu, bunduki ibaki nyumbani.