Kusubiri Matokeo Si Mpango

Ndugu zetu wazazi na walezi, kila ifikapo Novemba watoto wetu wa kidato cha nne huweka kalamu chini, na mwezi wa Mei huwafuatia wale wa kidato cha sita. Ukimwuliza mzazi, "Kijana sasa anaelekea wapi?" jibu huwa moja, kuanzia Tanga hadi Kigoma: "Tunasubiri matokeo, Mungu akipenda." Jibu hilo limevaa joho la kutawakali, na ndiyo maana ni vigumu kulikosoa. Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni tunajua kuwa kutawakali hufuata jitihada, wala hakushiki nafasi yake.

Sisi wenyewe tumewahi kutoa nasaha hiyo mbovu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa msikitini kwetu alitufuata baada ya swala ya Ijumaa. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita, naye akitaka kujua iwapo aanze kushughulikia karatasi za mkopo wa elimu ya juu. Tukamwambia atulie, matokeo yatoke kwanza, asije akapoteza nauli na ada ya maombi bure. Matokeo yakatoka, binti akapata daraja la pili. Ndipo ilipodhihirika kuwa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa Abdulla, ilhali katika vyeti vya shule limeandikwa Abdallah. Mara kiapo, mara muhuri wa wakili, mara njoo kesho. Siku zikayoyoma na dirisha la mkopo likafungwa. Binti alipata nafasi chuo kikuu asiweze kuiendea, akakaa nyumbani mwaka mzima. Baba yake hajatulaumu hata siku moja, na hilo linatuuma kuliko lawama.

Majina yetu haya, ndugu msomaji, ni mtihani peke yake. Karani wa hospitali huandika alivyosikia, mwalimu wa darasa la kwanza huandika anavyojua yeye, na sisi wazazi hatusomi tulichopewa. Basi mtoto angali kidato cha tatu, toeni vyeti vyote vilivyo kabatini mvilinganishe. Cheti cha kuzaliwa kitahitaji kuhakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili kwa waliozaliwa Zanzibar. Kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kitatakiwa, na tunajua ni familia ngapi ambazo huzika, zikasoma hitima, kisha zisikumbuke kwenda kusajili kifo.

Liko jambo jingine ambalo wengi huligundua likiwa limekwisha pita. Kijana wa kidato cha nne huchagua tahasusi za kidato cha tano angali shuleni, na baada ya matokeo hupewa muda mfupi tu wa kubadilisha. Uchaguzi huo hufunga milango na kufungua mingine. Aliyechukua Kemia, Baiolojia na Jiografia hawezi baadaye kudahiliwa udaktari wa binadamu katika vyuo vikuu vya hapa nchini, kwa kuwa vinataka ufaulu wa Fizikia pamoja na Kemia na Baiolojia. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, basi uwanja umepanuka na kukosea nako kumekuwa rahisi zaidi. Kaeni na mtoto, na mwalimu wake wa taaluma awepo, mumwulize anachokipenda na anachokiweza. Tumeona baba akimlazimisha kijana kusoma sayansi kwa sababu tu jirani ana mtoto daktari. (Jirani huyo, tuseme ukweli, hakuwa hata na habari kwamba anashindanishwa.)

Na asiyefika kidato cha tano asihesabiwe kuwa ameanguka. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, vinafundisha umeme, uashi, ushonaji, ufundi magari na mengineyo. Walimu waliotusomesha Qur'ani utotoni walikuwa mafundi cherehani na waashi, na hatukumsikia mtu akiwadharau.

Mabinti tuwataje peke yao. Msichana aliyekaa nyumbani bila mpango huanza kuletewa posa mwezi wa tatu, na wazee huona wamepata ufumbuzi. Hatuna ugomvi na ndoa. Ugomvi wetu ni na ndoa inayojibu swali ambalo mzazi alipaswa kulijibu kwa njia nyingine.

Ama kuhusu mkopo wenyewe, baadhi ya familia tulizozijua zilijizuia kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni, zikihofia riba. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo aliyejizuia kwa ajili yake aliangalie upya suala lake. Kijana naye aambiwe mapema kwamba hilo ni deni, si zawadi: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa hadi alimalize. Wengi hulijua hilo siku ya mshahara wa kwanza.

Binti tuliyemsimulia aliomba tena mwaka uliofuata akapata, na amekwisha hitimu. Mdogo wake yuko kidato cha tatu. Juma lililopita baba yao alitujia tena, safari hii ameshika bahasha ya vyeti. Tukakaa barazani baada ya alasiri, tukavilinganisha herufi kwa herufi. La mtoto liko sawa, na la baba pia. La mama lina kosa, na Jumatatu wanakwenda kulirekebisha.