Tairodi ya Bei Rahisi Hulipwa na Dereva

Wasee, hapa West Indies kijana akipata Canter yake ya kwanza utajua tu. Rangi mpya, taa za bluu, spika mbili za kuamsha mtaa na maandishi makubwa mbele kwa kioo. Sina shida na hayo, pesa ni yake. Lakini steringi ikianza kugonga, swali la kwanza dukani ni: "Hakuna ya bei ya chini?" Hapo ndipo mimi huchemka.

Mimi si fundi. Niliacha chuo nikashika kamera, na kazi yangu ni kuuliza mafundi maswali mpaka wanichoke. Kitu nimeona mara nyingi ni kwamba anayeamua spea gani inunuliwe si yule atakayeshuka nayo Tambach. Mwenye lori yuko mahali, anatuma doo kwa M-Pesa na kusema, "Tafuta ya bei poa." Dereva naye yuko na tani za simiti mgongoni, ametoka Iten kuelekea Kerio, kona juu ya kona, na bonde liko pale upande mmoja linamwangalia.

Hebu tuelewane hii kitu inafanya kazi vipi. Kwa NQR, FRR na Canter nyingi, ukizungusha usukani nguvu inapita kwa shafti hadi steringi boksi. Boksi linasukuma draglinki, draglinki inageuza gurudumu moja, halafu tairodi inavuta la pili lifuate. Magurudumu yenyewe yanageukia kwa kingpini. Pampu ya pawa ikikufa, usukani unakuwa mzito lakini bado utageuza. Tairodi endi ikichomoka, gurudumu moja linaenda linakotaka, na hakuna ya akiba.

Sasa, kuchagua. Usiingie dukani ukasema "nipe ya NQR" basi. Beba namba ya chesisi, na kama inawezekana ile ya zamani iliyotolewa. Gari za jina moja lakini miaka tofauti zinaweza kuwa na unene tofauti na nyuzi tofauti. Halafu kuna ya kushoto na ya kulia: nyuzi za moja hufungwa upande huu, za nyingine upande ule. Ukilazimisha, umeharibu zote mbili.

Mtumba wa Japani? Kwa mlango au kebini, sawa. Hata steringi boksi, kama fundi anayelijua amelipima. Lakini tairodi endi iliyotumika, hapana. Uchakavu wake uko ndani, umefunikwa na raba, na macho yako hayatauona.

Na sisemi lazima ununue ya kampuni iliyounda lori. Kuna za wengine ambazo ni nzuri, kama 555 za Japani ambazo mafundi wengi wanazijua. Lakini jina likishakuwa kubwa hivyo, kagua boksi mara mbili. Sheria dhidi ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, ila haitaingia dukani na wewe. Dai risiti yenye namba ya spea. Muuzaji akikataa kuiandika, jibu umepata.

Kuna wale pia wa kunyoosha draglinki kwa moto au kuiunganisha na weldingi. Aki, acheni. Moto hubadilisha nguvu ya chuma, na hutaona tofauti mpaka siku kitakapokatika.

Kubadilisha nako kuna heshima yake. Ya upande mmoja ikiisha, ya pili ipimwe siku hiyo hiyo. Splitipini iwe mpya, ile ya zamani itupwe. Kisha lori liende alainmenti kabla ya kubeba mzigo, la sivyo tairi za mbele zitalika vibaya, na bei ya tairi unaijua. Kila asubuhi mmoja akae kwa usukani auchezeshe kidogo kushoto na kulia, turniboi achungulie chini aone kiungo gani kinacheza. Hiyo haihitaji digrii.

Najua utaniambia doo hakuna, mkopo wa lori unangoja, na msimu wa mahindi ni miezi michache. Nakuelewa. Lakini kama pesa ya spika ilipatikana, hii nayo itafutwe. Na kama haipo kabisa, lori lilale. Siku mbili bila kazi zinauma, ila mkopo wa lori lililolala chini bondeni bado utaulipa.

Kwa madereva wa rika letu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa kazini, na inamkataza mwajiri kukurudisha pale kabla hajairekebisha. Kwa hivyo bosi akisema "enda tu, utarekebisha ukirudi", mwandikie ujumbe ueleze kiungo gani kinacheza, umtumie na video. Uweke rekodi. Najua kuna wengi nyuma yako wanaotaka hiyo kazi, na bosi anajua pia. Ndiyo maana nawaambia turniboi na madereva wakubaliane: lori lenye steringi mbovu, mmoja akilikataa, mwingine asilichukue.